Bitiruti ina soko kwa wakimbiaji, mradi usiwauzie miujiza

JUA linapochomoza juu ya vilima vya Tugen, ng'ambo ya Bonde la Kerio, barabara za udongo mwekundu za Iten huwa tayari zimejaa wakimbiaji. Hupita kwa makundi, chipukizi wakiwafuata mabingwa, na wageni kutoka ng'ambo wakihema nyuma yao. Mji huu wa Kaunti ya Elgeyo Marakwet uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi ndiyo inayowaleta.

Mazoezi yakimalizika, wakimbiaji haohao hugeuka kuwa wateja. Wanataka chai, maziwa, mayai, viazi, maharagwe na sukuma wiki. Wengine, hasa wageni na vijana wanaosaka jina, wanataka kitu zaidi: mzizi, majani, unga au maji mekundu ndani ya chupa ambayo wameambiwa yataongeza pumzi na kuondoa uchovu.

Kwa mkulima na mama mboga aliye kando ya barabara, hilo ni soko. Lakini pia ni mtego. Chupa moja isiyo na maelezo inaweza kumfungia mwanariadha kazi yake kwa miaka minne, na ikamharibia mwuzaji jina katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake.

Kwa hivyo swali la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza ni ikiwa bidhaa anayotaka kuuza inafanya kazi kweli, na la pili ni ikiwa ni halali. Bei huja baadaye.

Kipi kimethibitishwa?

Orodha ya mimea inayosifiwa kwa kuongeza nguvu ni ndefu. Wachina wana ginsengi, watu wa nchi za baridi za kaskazini wana mzizi wa rodiola, na hapa nyumbani kuna mukombero, mlonge, tangawizi na vingine vingi. Hata hivyo, mimea iliyopita mtihani wa maabara na uwanja ni michache mno.

Mwaka 2018, jopo la wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) lilitoa taarifa kuhusu virutubisho vya ziada kwa wanariadha. Kati ya mamia ya bidhaa zinazouzwa duniani, ni tano tu zilizotajwa kuwa na ushahidi mzuri wa kuinua matokeo moja kwa moja. Nazo ni kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na baikaboneti ya sodiamu.

Mbili kati ya hizo humhusu mkulima wa Kenya. Kafeini imo katika kahawa na majani chai, na naitreti imo kwa wingi katika bitiruti na katika mboga za majani kama mchicha, ambao wengi huuita terere, na spinachi.

Ginsengi imefanyiwa uchunguzi kwa miongo kadhaa bila kutoa matokeo thabiti kwa wakimbiaji. Rodiola imetoa majibu yanayopingana. Tangawizi na manjano zimeonekana kupunguza kidogo maumivu ya misuli baada ya mazoezi makali, lakini hilo si sawa na kumfanya mtu akimbie kwa kasi zaidi. Mlonge ni mboga yenye lishe nzuri, na inatosha kuuzwa kwa sifa hiyo.

Mukombero, ambao wataalamu wa mimea huuita Mondia whitei, unatafunwa sana magharibi mwa Kenya na huuzwa mitaani katika miji mingi. Una harufu tamu na wateja waaminifu. Lakini sehemu kubwa ya utafiti uliofanywa kuuhusu ni wa maabara na wa wanyama. Anayeuuza kama kiburudisho yuko salama, ila anayeuuza kwa ahadi ya kushinda mbio anajitwika mzigo asioweza kuubeba.

Siri ya bitiruti

Habari za bitiruti zilianza kuvuma mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza walipochapisha matokeo ya jaribio dogo. Wanaume wanane walikunywa nusu lita ya maji ya bitiruti kila siku kwa siku sita, kisha wakaendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu hadi wakashindwa kuendelea. Wakati mwingine walipewa sharubati ya matunda ili matokeo yalinganishwe.

Walipokunywa sharubati, walistahimili kwa wastani wa dakika 9 na sekunde 43. Walipokunywa bitiruti, walifika dakika 11 na sekunde 15, ambalo ni ongezeko la asilimia 16. Aidha, miili yao ilitumia oksijeni kidogo kufanya kazi ileile.

Maelezo yake si ya kimiujiza. Bitiruti hufyonza naitreti kutoka udongoni na kuihifadhi. Mtu akinywa maji yake, bakteria walio kwenye ulimi huibadilisha naitreti kuwa naitraiti. Mwilini, naitraiti hugeuka kuwa hewa ya naitriki oksaidi, ambayo hupanua mishipa ya damu na kuisaidia misuli kutumia oksijeni vizuri zaidi.

Ndiyo maana anayesukutua kinywa kwa dawa ya kuua viini kabla ya kunywa bitiruti hupoteza pesa zake. Akiwaua bakteria wa ulimi, naitreti hupita bila kufanya kazi.

Lakini asilimia 16 isimpumbaze mtu. Huo ni muda wa kustahimili hadi kuchoka kabisa, wala si muda wa kumaliza mbio. Mwaka 2011, kikundi hichohicho cha Exeter kilipowapima waendesha baiskeli tisa katika mashindano ya kilomita 4 na kilomita 16, nafuu ilikuwa chini kidogo ya asilimia 3.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hulificha. Kadiri mwanariadha anavyokuwa bora, ndivyo faida ya bitiruti inavyopungua. Majaribio kadhaa yaliyofanywa kwa wanariadha wa kiwango cha juu yameonyesha nafuu ndogo au hakuna kabisa. Mwili uliozoezwa kwa miaka tayari una njia nyingi za kusafirisha oksijeni.

Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba mteja bora wa bitiruti si bingwa wa dunia. Ni mgeni anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza, mwanafunzi wa shule ya upili, afisa wa polisi anayefanya mazoezi, au mfanyakazi wa ofisini Eldoret anayekimbia wikendi.

Hesabu ya shamba

Bitiruti hustawi katika maeneo yenye baridi kiasi, na nyanda za juu za Bonde la Ufa na za kati zinaifaa. Aina zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo ni Detroit Dark Red na Crimson Globe. Hukomaa kati ya miezi miwili na mitatu baada ya kupandwa.

Udongo unapaswa kuwa laini, usiotuamisha maji na usio na asidi nyingi. Mbegu hupandwa moja kwa moja shambani, katika mistari iliyoachana sentimita 30. Kile kinachoitwa mbegu ya bitiruti huwa ni kishada chenye mbegu kadhaa, kwa hivyo miche huota ikiwa imesongamana. Mkulima asipoipunguza hadi ibaki umbali wa sentimita 10 hivi, atavuna mizizi midogo kama vidole.

Kwa nafasi hiyo, thumni ya ekari, yaani karibu mita 500 za mraba, inaweza kubeba zaidi ya mimea 16,000. Tuseme robo inapotea kwa njia za kupitia, wadudu na miche iliyokufa. Ikibaki mizizi 12,000 yenye uzani wa gramu 100 kila mmoja, mavuno yatakuwa kilo 1,200.

Sasa tazama upande wa mnunuzi. Kwa mashine nzuri ya kukamua, kilo moja ya bitiruti hutoa karibu nusu lita ya maji. Mkimbiaji mmoja akifuata mpango wa siku sita kama ule wa Exeter atahitaji kilo sita. Kambi ya wakimbiaji 20 itahitaji kilo 120 katika wiki moja kabla ya mashindano.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba thumni moja ya ekari inaweza kulisha kambi kumi. Anayekimbilia kupanda ekari nzima kwa tamaa ya wakimbiaji pekee atajikuta na mizigo inayooza. Walio makini hugawa mavuno, sehemu ikaenda kwa wakimbiaji na hoteli zinazowapokea, na iliyobaki ikaenda kwenye soko la kawaida la mboga.

Majani nayo yasitupwe. Huliwa kama spinachi na yana naitreti pia. Vivyo hivyo mchicha, ambao hukua haraka na hauhitaji mashine ya kukamua.

Wakati wa kupanda ni muhimu kama mbolea. Marathoni za Boston na London hufanyika Aprili, ile ya Berlin Septemba, ya Chicago Oktoba na ya New York Novemba. Nchini, mbio za Lewa kwa kawaida huwa Juni. Wakimbiaji hujiandaa kwa miezi mitatu au minne kabla ya tarehe hizo, na huo ndio msimu wa kambi kujaa. Mkulima anayetaka kuwa na bitiruti Machi na Aprili lazima apande Desemba au Januari na awe na maji ya kunyunyizia, kwa kuwa hicho ni kiangazi. Kupanda kidogo kidogo kila wiki mbili au tatu humwezesha kuwa na mzigo mbichi muda wote.

Kuna wanaoamini kwamba kumwaga mbolea ya naitrojeni kwa wingi kutaifanya bitiruti iwe na nguvu zaidi. Ni kweli mbolea hiyo huongeza naitreti, lakini ikizidi majani hunenepa huku mzizi ukidumaa, na gharama hupanda. Samadi iliyooza vizuri, pamoja na mbolea ya kukuzia kwa kipimo cha mtaalamu wa kilimo, inatosha. Pia udongo uliokosa boroni huifanya mizizi iwe na madoa meusi ndani, na mnunuzi akiikata mara moja hatarudi.

Onyo moja lisisahaulike. Naitreti ya mbolea si chakula. Asithubutu mtu kuilamba mbolea ya CAN wala kununua kemikali ya dukani akidhani anajipatia nguvu za bitiruti. Kemikali za jamii hiyo zinaweza kuua.

Kuuza maji yake

Anayechemsha bitiruti na kumwaga maji humwaga pia sehemu kubwa ya naitreti. Ni afadhali ikamuliwe mbichi baada ya kuoshwa vizuri na kumenywa, au ipikwe kwa mvuke. Ikichemshwa, maji yake yatiwe kwenye supu.

Maji ya bitiruti hayakai. Yakiachwa bila barafu, bakteria huanza kuibadilisha naitreti kuwa naitraiti ndani ya chupa, mbali na hatari ya kuhara. Kwa hivyo hukamuliwa siku ileile ya kuuzwa, hutiwa katika chupa safi na kuwekwa kwenye jokofu. Biashara ya namna hiyo inahitaji kibali cha afya cha kaunti, na anayetaka kuifunga katika chupa na kuipeleka madukani lazima apate alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Mteja anapaswa kuambiwa mambo matatu. Anywe saa mbili au tatu kabla ya mazoezi. Asijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, kwa sababu tumbo linaweza kumchafuka njiani. Na asishtuke akiona mkojo mwekundu, kwani hiyo ni rangi ya bitiruti.

Mwenye mawe kwenye figo au anayetumia dawa za kushusha shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Watoto wachanga wasipewe kabisa.

Kuhusu kafeini, hesabu ni rahisi. Kipimo kilichothibitishwa ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzani wa mwili, saa moja kabla ya mbio. Mkimbiaji wa kilo 60 atahitaji angalau miligramu 180, ambazo ni sawa na vikombe viwili vya kahawa halisi. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni Januari 2004, na tangu hapo kahawa na chai havimtishi mwanariadha.

Mahali pa hatari

Mteja wa kawaida akidanganywa hupoteza shilingi zake. Mwanariadha akidanganywa hupoteza kazi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Kupambana na Pufya (WADA) zinasema mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua kilivyoingia. Kisingizio cha kwamba ilikuwa dawa ya kienyeji hakimwondolei kosa.

Adhabu ya kawaida kwa dawa kali ni kufungiwa miaka minne. Kwa mkimbiaji wa miaka 24 anayelisha wazazi na kulipia wadogo zake karo, huo ni mwisho. Makumi ya wanariadha wa Kenya wamefungiwa katika miaka ya karibuni.

Nchi yenyewe imeonja uchungu huo. Mei 2016, WADA iliitangaza Kenya kuwa haijatimiza masharti, na ilichukua hadi Agosti mwaka huo kuondolewa doa hilo. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Pufya mwaka 2016, na shirika la ADAK likapewa nguvu kisheria. Novemba 2022, Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa na Shirikisho la Riadha Duniani baada ya serikali kuahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano za kupambana na uovu huo.

Sheria haimtazami mwanariadha peke yake. Anayemuuzia au kumpa dawa iliyopigwa marufuku naye anaweza kufikishwa mahakamani, na kocha au msaidizi anayepatikana akisambaza pufya anaweza kufungiwa maisha.

Mmea hauwi salama kwa kuwa umetoka shambani. Mfano ulio karibu zaidi ni miraa, tegemeo la maelfu ya familia katika Kaunti ya Meru. Jani lake bichi lina kathinoni, ambayo baada ya kuchumwa huendelea kugeuka kuwa kathini. Ndiyo sababu wafanyabiashara huifunga kwa majani ya migomba na kuikimbiza sokoni. Vitu hivyo viwili vimo kwenye orodha ya WADA ya vichangamshi visivyoruhusiwa wakati wa mashindano. Kwa kathini, mkojo ukipatikana na zaidi ya mikrogramu 5 kwa mililita, mwanariadha ana kesi.

Wakati wa mashindano, kwa kanuni hizo, huanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Mkimbiaji aliyetafuna miraa jioni ili asisinzie njiani kutoka nyumbani hadi Nairobi anaweza kuamka akiwa nayo bado mwilini. Mwuzaji wa miraa anayemjua kijana kuwa mwanariadha atakuwa amemtendea wema akimkumbusha. Bangi nayo imepigwa marufuku wakati wa mashindano.

Mmea mwingine ni efedra, ambao Wachina wameutumia kama dawa kwa karne nyingi. Ulijaa katika vidonge vya kupunguza unene na kuongeza nguvu nchini Marekani, hadi mchezaji wa besiboli Steve Bechler alipofariki Februari 2003 baada ya kutumia kidonge chenye mmea huo. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliupiga marufuku katika virutubisho. Kemikali nyingine ya mimea, haijenamini, iliorodheshwa waziwazi na WADA mwaka 2017, na haikubaliki wakati wowote, hata nje ya mashindano.

Unga usio na jina

Hatari kubwa zaidi imo katika unga na vidonge vilivyochanganywa. Kati ya mwaka 2000 na 2001, maabara ya Cologne nchini Ujerumani, kwa msaada wa IOC, ilinunua virutubisho 634 kutoka nchi 13. Virutubisho 94, yaani karibu asilimia 15, vilikuwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa popote kwenye kifurushi.

Baadhi vilichafuliwa kiwandani bila kukusudia. Lakini mwuzaji anayeahidi miujiza huwa na kishawishi cha kutia kitu kitakachofanya miujiza ionekane.

China ilitoa somo ambalo ulimwengu wa riadha haujalisahau. Septemba 1993 jijini Beijing, Wang Junxia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 sekunde 31.78 na kuipunguza rekodi ya dunia kwa karibu sekunde 42. Kocha wake, Ma Junren, aliwaambia wanahabari kwamba siri ilikuwa mazoezi makali, damu ya kasa na kuvu anayeota juu ya kiwavi, ambaye hutumika katika tiba za Kichina.

Kuvu huyo alipata soko duniani kote. Lakini mwaka 2000, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney, China iliwaondoa wakimbiaji sita kati ya saba wa Ma baada ya vipimo vya damu kutiliwa shaka. Mwaka 2016, vyombo vya habari vya China vilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa mwaka 1995 na Wang pamoja na wenzake, ikisema walilazimishwa kutumia dawa haramu. Ma alikuwa amekanusha madai ya aina hiyo.

Mfanyabiashara anayetumia jina la bingwa kuuzia mizizi yake akumbuke kisa hicho. Jina likianguka, bidhaa huanguka nalo.

Njia iliyonyooka

Je, mkulima mdogo aachane kabisa na soko hili? La. Afanye kama wafanyavyo wauzaji wa maziwa, ambao sifa yao ni kwamba hawatii maji.

Kwanza, auze chakula kionekanacho. Mzizi mzima wa bitiruti au fungu la mchicha ni vigumu kuchanganywa na kitu kingine, na mnunuzi hujionea. Akikamua, akamue mbele ya mteja. Unga uuzwe tu na mwenye mashine yake mwenyewe, isiyosaga bidhaa za watu wengine, na mwenye kuandika kwenye mfuko kilichomo chote, tarehe na mahali palipotengenezwa.

Pili, asiahidi kuponya. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa huingia katika mamlaka ya Bodi ya Dawa na Sumu, na huhitaji kusajiliwa. Njia hiyo ni ndefu lakini inapitika. Kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru, kikisaidiwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilipanda aina ya mrehani mwitu, kikakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na bodi hiyo. Wakulima walipata soko bila kuumaliza msitu.

Tatu, aweke kumbukumbu. Daftari lenye tarehe ya kuvuna, shamba ilikotoka na aliyeuziwa linaweza kumwokoa siku maafisa wakija kuuliza. Mwanariadha wa kiwango cha juu hushauriwa ahifadhi chupa na risiti ya kila anachotumia, kwani akithibitisha kuwa bidhaa ilichafuliwa adhabu inaweza kupunguzwa.

Nne, akiulizwa kuhusu bidhaa asiyoijua, awe tayari kusema hajui na amwelekeze mteja kwa ADAK au daktari wa timu. Ng'ambo kuna mipango kama Informed Sport, ambayo hupima kila toleo la kirutubisho kabla halijauzwa. Gharama yake si ya mama mboga, na ndiyo sababu chakula kizima kinabaki kuwa ngao yake.

Isitoshe, historia ya mji wenyewe iko upande wa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji mahiri wa Kenya ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitokana na wanga, hasa ugali, wali, viazi, mkate, uji, maharagwe na sukari ya kwenye chai. Na bingwa anaporudi nyumbani na medali, anachopokewa nacho ni kibuyu cha mursik, maziwa ya ng'ombe wa nyumbani.

Vyakula hivyo hutoka kwa wakulima na wauzaji walewale wa kando ya barabara. Bitiruti inaweza kuongezwa kwenye orodha hiyo bila aibu, ikiwa itauzwa kwa jina lake na kwa kipimo chake. Mkimbiaji atakayepata nafuu ya asilimia moja au mbili atarudi kununua. Yule asiyepata nafuu yoyote atakuwa amekula mboga nzuri, na msimu ujao bado ataruhusiwa kushindana.